Je, utandawazi ndio unaobadilisha kodi ya akiba ya uzeeni, au tunausingizia?

#1 Mwanaakiba

Salaam wakuu. Nina hoja, naomba ichambuliwe bila kuoneana haya.

Kwa miaka mingi nchi nyingi zimekuwa zikiitoza kodi akiba ya uzeeni kwa utaratibu huu: mchango ukikatwa kwenye mshahara hautozwi, fedha zikizaa ndani ya mfuko hazitozwi, halafu siku unayoanza kulipwa pensheni ndipo mamlaka ya mapato inachukua chake. Wataalamu huuandika EET. Humu tuuite "kodi mwishoni" ili tusichoshane. Karibu nusu ya nchi za OECD, ile jumuiya ya kiuchumi ambayo wanachama wake wengi ni nchi tajiri, bado zinaufuata kwa namna moja au nyingine. Kinyume chake ni "kodi mwanzoni": unakatwa kodi kwenye mshahara kwanza, kilichobaki unaweka akiba, na ukistaafu unachukua chote bila kudaiwa.

Kodi mwishoni ilijengwa juu ya dhana kwamba mtu ataanza kazi, atastaafu na atazikwa katika nchi moja. Serikali ilimkopesha kodi yake kwa miaka thelathini au arobaini ikijua hana pa kwenda. Leo watu wanafanya kazi nchi ya kwanza, wanahamia ya pili, wanastaafu ya tatu. Nchi iliyotoa unafuu si lazima iwe ndiyo itakayokusanya.

Hoja yangu ni kwamba utandawazi unaiua kodi mwishoni taratibu, na mwisho wa siku kila serikali itataka kodi yake mapema, kabla mwenye akiba hajapanda ndege. Nani anapinga?

#2 Chiriku

Nimekaa kiti cha mbele. Wenye mahesabu waje.

#3 FundiHesabu

Nimekuja, Chiriku.

Chukua mapato ya 100, kodi 20%, na akiba inayoongezeka mara mbili hadi kustaafu. Kodi mwishoni: unaweka 100, zinakuwa 200, unakatwa 20%, unabaki na 160. Kodi mwanzoni: unakatwa kwanza, unaweka 80, zinakuwa 160, unachukua zote. Jibu ni lile lile. Ndiyo maana ndani ya nchi moja yenye kiwango kimoja cha kodi, ubishi kuhusu mwanzoni au mwishoni kwa mwenye akiba ni mdogo sana.

Sasa mpitishe mpakani. Aliyeweka kwa kodi mwishoni akahamia nchi isiyotoza pensheni za nje anachukua 200 kamili. Aliyeweka kwa kodi mwanzoni akahamia nchi inayotoza pensheni zote 20% anabaki na 128, kwa sababu 160 zake zimekatwa tena. Watu wawili, jasho lile lile, mmoja 200 na mwingine 128. Tofauti yote hiyo haikuletwa na ujanja wa kuwekeza. Imeletwa na mpaka tu.

Kwa hiyo mleta uzi ana hoja kwamba mpaka unavuruga. Ila hajaonyesha kwamba uvurugaji huo ndio unaozifanya serikali zibadili mfumo. Hayo ni mambo mawili.

#4 Dada Wakili

Niongeze upande wa mikataba, maana bila hiyo mtabishana hewani.

Mikataba mingi ya kuepuka kutoza kodi mara mbili imejengwa juu ya kielelezo cha OECD, yaani mkataba wa mfano, ambacho rasimu yake ya kwanza ni ya 1963. Kifungu cha 18 kinasema pensheni inayotokana na ajira ya zamani inatozwa kodi na nchi anakoishi mstaafu tu. Siyo nchi iliyompa unafuu alipokuwa akichangia. Pensheni za utumishi wa serikali ni habari nyingine: kifungu cha 19 kinaziacha kwa serikali inayolipa, isipokuwa mstaafu awe mkaazi na raia wa nchi ya pili.

Kielelezo cha Umoja wa Mataifa, kilichochapishwa 1980 kwa kuzingatia nchi zinazoendelea, kinatoa njia mbili za kifungu cha 18, na moja inairuhusu nchi zinakotoka fedha nayo itoze. Kwa hiyo ile 200 ya FundiHesabu haikuanguka kutoka mbinguni. Kuna waliokaa mezani wakaiandika.

#5 mkaguzi_mstaafu

Dada Wakili amenena. Na nchi kadhaa zimeshaona matokeo ya maandishi hayo.

Denmark ilikuwa na mikataba na Ufaransa na Hispania iliyoziachia nchi hizo haki ya kuwatoza kodi wastaafu wake waliohamia huko. Mchango ulipunguziwa kodi Denmark, pensheni ikaliwa kwenye jua la kusini. Denmark ikavunja mikataba yote miwili, na ikakoma kutumika kuanzia 1 Januari 2009.

Ureno ilianzisha mwaka 2009 utaratibu maalumu kwa wakaazi wapya, na pensheni kutoka nje zikawa hazitozwi kwa miaka kumi. Mkataba ulisema mwenye haki ya kutoza ni Ureno, na Ureno yenyewe haikutoza. Sifuri pande zote mbili. Finland ikavunja mkataba wake na Ureno, ukakoma mwanzoni mwa 2019. Sweden ikafuata, ikavunja na Ureno na Ugiriki pia, kuanzia 2022. Ureno yenyewe ilianza kutoza 10% mwaka 2020, kisha ikaufunga mlango kwa waombaji wapya mwaka 2024. Norwei nayo tangu 2010 hukata 15% kwenye pensheni za waliohama, pale mkataba unaporuhusu.

Angalieni vizuri, hakuna hata moja kati ya nchi hizo iliyoiacha kodi mwishoni kwa sababu ya wahamaji. Zilichofanya ni kuifuata pensheni huko iliko. Hapo ndipo ninapotofautiana na posti namba 1.

#6 Tumaini_J

Naona mnaupa utandawazi sifa usiyostahili. Kodi ya akiba ya uzeeni inabadilika kwa sababu za nyumbani: watu wanazeeka, bajeti zina matundu, na mawaziri wanataka fedha za leo.

Mfano ni Uingereza. Julai 2015 serikali ilitoa waraka wa kuuliza maoni, na moja ya mawazo yaliyokuwemo ni kuhamia kodi mwanzoni. Machi 2016 ikaachana nalo. Katika mjadala wote ule, swali kubwa lilikuwa kama fedha zitaingia hazina sasa au baadaye, na kama vijana wataacha kuweka akiba. Wanaohamia ng'ambo walikuwa pembeni kabisa.

Mfano wa pili unaivunja kabisa hoja ya mleta uzi. Ujerumani, mwaka 2005, utandawazi ukiwa umepamba moto, ilianza safari ya kuelekea kodi mwishoni! Aliyestaafu 2005 alitozwa kodi kwenye nusu ya pensheni yake ya bima ya jamii, na sehemu hiyo inapanda kidogo kidogo kwa kila kundi jipya la wastaafu hadi ifike pensheni yote kwa watakaostaafu 2058. Chanzo chake ni uamuzi wa Mahakama ya Katiba ya mwaka 2002 kuhusu usawa kati ya wastaafu wa serikali na wengine. Utandawazi uko wapi hapo?

#7 Mwanaakiba

Mfano wa Ujerumani ni mzito, nakubali uzito wake. Lakini Tumaini, malizia hadithi. Ujerumani ilipohamia mwishoni, ilibidi iwafuate wastaafu wake duniani kote. Wanaopokea pensheni ya Ujerumani huku wakiishi nje wanashughulikiwa na ofisi moja ya kodi iliyoko Neubrandenburg. Kodi mwishoni ukiitaka katika dunia ya watu wanaotembea, lazima ujenge mkono mrefu. Nchi yenye mkono mfupi itafanya nini? Itakata mapema. Hoja yangu bado imesimama.

#8 MsafiriNyota

Niwape kisa changu, kwa sababu nyote mnaongea kama vile wastaafu ndio pekee wanaovuka mipaka.

Nilifanya kazi Australia kwa viza ya muda nikiwa kijana. Huko mwajiri analazimika kukuchangia, sheria ya tangu 1992. Viza ilipokwisha nikaomba kuchukua akiba yangu, nikakatwa 35%. Rafiki yangu aliyekuwa na viza ya likizo na kazi alikatwa 65%, kiwango kilichoanza Julai 2017. Asilimia sitini na tano ya akiba yake mwenyewe! Na hatukuwa matajiri wakimbizao mali. Tulichuma matunda na kuosha vyombo.

Nimesoma posti namba 5 kuhusu wastaafu wanaobembelezwa na Ureno kwa sifuri. Sisi tuliobembelezwa kuja kufanya kazi tulitozwa mara tatu: mchango, faida na kutoka. Huo nao ni utandawazi.

#9 mkaguzi_mstaafu

Pole MsafiriNyota. Viwango ulivyotaja ni sahihi.

Niweke sawa jambo moja ili wasomaji wasichanganyikiwe. Mara tatu ni kwa anayeondoka kama wewe. Mkaazi wa Australia hukatwa 15% kwenye michango na hadi 15% kwenye faida ya mfuko, lakini akifikisha miaka 60 na kustaafu, mafao yenyewe hayatozwi tangu Julai 2007. Kwa mahesabu ya FundiHesabu, 100 inakuwa 85, ikizaa mara mbili faida inakatwa, anaondoka na 157.25.

Na hapa mleta uzi anapata mtetezi. Australia imeshakusanya kabla mtu hajafika uwanja wa ndege. New Zealand ilifanya hivyo hivyo kwa mageuzi ya mwishoni mwa miaka ya 1980, tena kwa ukali zaidi. Nchi mbili ambazo watu wake wanahama sana.

#10 Tumaini_J

New Zealand ilifanya hivyo kwa sababu ilikuwa inafuta unafuu wa kodi wa kila aina ili kupanua wigo na kushusha viwango. Wahamaji hawakuwa sababu. Tusipachike sababu baada ya tukio, mkuu.

#11 Bwana Mizani

Mmeisahau mahakama. Ulaya, kilichobadilisha kodi ya pensheni zaidi ya wastaafu wa kwenye jua ni majaji wa mahakama ya Umoja wa Ulaya walioketi Luxembourg.

Mwaka 1992, kesi ya Bachmann. Mjerumani anafanya kazi Ubelgiji, analipa michango kwa kampuni za bima za Ujerumani, Ubelgiji inamnyima unafuu. Mahakama ikasema sawa, Ubelgiji ina haki ya kulinda mshikamano wa mfumo wake: haiwezi kutoa unafuu leo kama haitaweza kutoza kesho. Hiyo ndiyo hofu ya mleta uzi kwa lugha ya kisheria.

Lakini miaka kumi baadaye, kesi ya Danner dhidi ya Finland, mahakama ikageuza kibao. Mwaka 2003 Sweden ikashindwa katika kesi ya Skandia. Denmark ikafuata 2007. Mwaka 2009 Ujerumani ikaambiwa haiwezi kudai irudishiwe ruzuku ya akiba ya Riester, ile akiba binafsi ya uzeeni inayoongezewa na serikali, eti kwa sababu mwenye akiba amehamia nchi nyingine ya Umoja.

Kwa hiyo ndani ya Ulaya, soko la pamoja limezinyima serikali ukuta zilioutegemea. Ukitoa unafuu kwa mfuko wa nyumbani, utoe na kwa mfuko wa jirani. Mimi ningesema hiki ndicho kisa kikuu, hayo mengine ni matawi.

#12 Chiriku

Bwana Mizani kila uzi lazima atuletee majaji. Ukiuliza bei ya sabuni atakutajia kesi.

#13 Bwana Mizani

Na kesi hiyo itakuwa sahihi, Chiriku.

#14 KijanaWaMtandao

Samahani wakuu, mbona mnaongea kama vile tuko 1995? Sasa hivi taarifa za akaunti zinabadilishwa moja kwa moja kati ya nchi zaidi ya mia. Kiwango cha pamoja cha OECD cha kupeana taarifa hizo kilitolewa 2014. Mtu akistaafu popote, nchi yake mpya inajua ana nini nje. Tatizo la mkono mfupi limekwisha.

#15 Dada Wakili

Kijana, hapo ndipo wengi hujikwaa. Kiwango hicho kina milango ya kutokea, na mfuko wa pensheni ni mmoja wao. Mifuko mipana ya pensheni haiwajibiki kutoa taarifa, na akaunti za uzeeni zinazosimamiwa na sheria mara nyingi zimewekwa kando kwa kuonekana hazina hatari kubwa ya ukwepaji. Kile hasa tunachojadili humu ndicho kilichoachwa nje.

#16 mkaguzi_mstaafu

Ni kweli kwa kiwango cha OECD. Ila ndani ya Umoja wa Ulaya kuna maagizo ya mwaka 2011 ambayo yameitaja pensheni kwa jina miongoni mwa aina za mapato ambayo nchi hupeana taarifa. Kwa hiyo mstaafu wa Sweden aliyeko Hispania anaonekana, aliye nje ya Ulaya anaweza asionekane. Kijana amekosea nusu, na Dada Wakili yuko sahihi kwa nusu iliyobaki ya dunia.

#17 Mama Hazina

Nimewasoma wote tangu juu. Mnaongelea watu kuhama. Mimi nimekaa kwenye kamati ya uwekezaji ya mfuko mmoja, na ninachokiona ni fedha kuhama. Mwanachama wetu anaweza asivuke mpaka maisha yake yote, lakini akiba yake inavuka kila siku.

Mfuko wa pensheni nyumbani hautozwi kodi kwenye faida. Ukinunua hisa nje, nchi ile inakata kodi ya zuio kwenye gawio kabla halijakufikia. Marekani kwa sheria yake ni 30%, mikataba hushusha. Kampuni ya kawaida ikikatwa nje inaweza kudai kupunguziwa kodi ya nyumbani kwa kiasi hicho. Mfuko hauna kodi ya nyumbani ya kupunguziwa. Kilichokatwa kimekwenda. Yaani ule msamaha wa katikati ambao sheria ya nchi yako imekuahidi, nchi nyingine inaumega bila wewe kuulizwa.

Ndiyo sababu mkataba wa Marekani na Uingereza wa 2001 unaipa mifuko ya pensheni sifuri kwenye magawio. Ndiyo sababu Ireland ilitunga mwaka 2003 aina ya mfuko wa pamoja unaoonekana kama kioo machoni pa kodi, yaani kodi inawatazama wenye fedha na siyo mfuko wenyewe, ili mifuko mikubwa ichanganye fedha zake bila kupoteza haki ya mkataba. Na ndiyo sababu kielelezo cha OECD cha 2017 kiliongeza maneno ya kuutambua mfuko wa pensheni kuwa mkaazi wa nchi yake, maana kuna nchi zilikuwa zinabisha kwamba asiyelipa kodi si mkaazi.

Mfuko mdogo kutoka nchi yenye mikataba michache hukatwa kiwango kamili. Mkubwa wenye mawakili hupata sifuri. Mwanachama wa mfuko mdogo hata hajui kama kuna kodi aliyolipa. Hili linaniuma kuliko yote yaliyosemwa humu.

#18 Bwana Mizani

Chiriku aniwie radhi. Novemba 2019, mfuko wa pensheni wa British Columbia, Kanada, uliishinda Ujerumani katika mahakama ile ile kuhusu kodi ya magawio. Uhuru wa mitaji katika mkataba wa Umoja unawagusa hata walio nje ya Umoja. Mama Hazina, mfuko wako uliza hapo.

#19 Mama Hazina

Asante, tuliuliza. Gharama ya kudai kwa mfuko wa ukubwa wetu ilikaribia kiasi tunachodai. Ndiyo maana nimesema mkubwa mwenye mawakili.

#20 KijanaWaMtandao

Na ile kodi ya kima cha chini kwa makampuni makubwa duniani, 15%? Si itaibana mifuko yote sawasawa?

#21 Dada Wakili

Hapana. Mfuko wa pensheni umetajwa kabisa kati ya taasisi zilizotolewa nje. Inayobanwa ni makampuni makubwa ambayo mfuko umenunua hisa zake. Faida ya kampuni ikipungua, gawio la mfuko nalo linaweza kupungua, lakini hiyo ni njia ya mzunguko.

#22 Mzee Kalamu

Vijana wangu, mmechambua vizuri, lakini mmeligusa tawi mkaacha shina.

Utandawazi umevipa baadhi ya vitu miguu na vingine umeviacha vimefungwa. Mtaji wa makampuni una miguu, serikali zinauogopa. Akiba ya uzeeni ya mfanyakazi imefungwa na sheria ile ile iliyoipa unafuu: huwezi kuigusa kabla ya umri fulani, huwezi kuihamisha utakavyo. Serikali iliyobanwa na ushindani huko nje itamgeukia nani? Itamgeukia aliyefungwa.

Tazameni Ireland baada ya mtikisiko wa fedha wa dunia. Kodi ya makampuni ilibaki 12.5%, na ilitetewa kwa nguvu zote ili wawekezaji wa nje wasiondoke. Na mwaka 2011 ikaanzishwa tozo ya 0.6% kwa mwaka juu ya mali yote ya mifuko binafsi ya pensheni. Siyo juu ya faida, juu ya mali. Mwaka 2014 ikafika 0.75%, mwaka 2015 ikashuka hadi 0.15%, ndipo ikafutwa. Kulikuwa na mifuko iliyopunguza mafao ili kuilipa.

Mleta uzi anasema serikali zinaogopa akiba itakimbia. Mimi nasema zinaitoza kwa sababu haiwezi kukimbia. Utandawazi ni ule ule, sababu imegeuka kichwa chini.

#23 Mwanaakiba

Mzee, shikamoo. Hapa umenifikirisha. Lakini hoja zetu zinaweza kukaa pamoja: mwenye akiba anahama, akiba haihami. Serikali inakata mapema kwa sababu ya yule, na inaweza kukata kwa sababu ya hii.

#24 FundiHesabu

Naheshimu hoja ya Mzee, ila mfano mmoja wa dharura hautoshi. Denmark hutoza faida ya mifuko ya pensheni 15.3%, na kodi kwenye faida hiyo ilianza muda mrefu kabla ya mtikisiko. Haikuhitaji kutishwa na wawekezaji wa nje. Na kama aliyefungwa ndiye anayetozwa, mbona Marekani, yenye adhabu ya 10% kwa anayetoa akiba kabla ya miaka 59 na nusu, haijatoza faida iliyomo ndani ya akaunti hizo hata siku moja? Kufuli lipo, tozo haipo.

#25 Mzee Kalamu

Marahaba, Mwanaakiba.

Fundi, Marekani inamtoza raia wake popote alipo duniani. Haina sababu ya kukimbilia kwenye kufuli. Itamsubiri.

#26 Subira_N

Mimi naomba kuingiza la kwangu, maana limetajwa juu juu tu. Kuna wanaofanya biashara kwa kutumia nyufa hizi.

Nilikuwa na pensheni niliyoiacha Uingereza. Mshauri mmoja akanifuata, akaniambia niihamishie mfuko wa nje unaotambuliwa huko, nitaepuka kodi, nitaiachia familia yangu, kila kitu kizuri. Sikuelezwa kwamba kamisheni yake ilikuwa inakatwa ndani ya mfuko mpya. Sikuelezwa pia kwamba tangu Machi 2017 uhamisho wa namna ile hutozwa 25% usipotimiza masharti, mojawapo ya yale yanayokuokoa likiwa kuishi nchi ile ile uliko mfuko. Nusura nisaini. Kilichoniokoa ni ndugu aliyekaa nami akausoma mkataba ukurasa kwa ukurasa. Wengine hawakuwa na ndugu wa namna hiyo, na wamelipa.

#27 mkaguzi_mstaafu

Afadhali hukusaini, dada. Na msamaha uliokuwepo kwa mifuko ya nchi za Ulaya na Gibraltar, Uingereza iliuondoa 30 Oktoba 2024.

Kuna kisa kingine cha jamii hiyo. Wamarekani fulani waliingiza mali zao katika mifuko binafsi ya uzeeni ya Malta, nchi ambayo hawakuwahi kufanya kazi, wakitumia mkataba kudai hazitozwi. Desemba 2021 Marekani na Malta zikakubaliana kwamba huo si mfuko wa pensheni kwa maana ya mkataba. Sasa kila sheria mpya inaandikwa kwa kuwalenga watu hao, na anayeumia ni mfanyakazi wa kawaida aliyehama kihalali, kama MsafiriNyota.

#28 ZawadiK

Mbona hamsemi kuhusu Afrika Kusini? Tangu 1 Machi 2021, anayehama hawezi kuchukua akiba yake ya binafsi ya uzeeni kabla ya umri mpaka awe ameacha kuwa mkaazi wa kikodi kwa miaka mitatu mfululizo. Hapo serikali haikutoza mapema wala haikumfuata mtu. Ilimwambia ngoja. Hii ni njia nyingine, wala haimo katika orodha zenu.

Na sisi tunaofanya kazi za mtandaoni kwa mwajiri aliye bara lingine? Hatuna mfuko wowote. Hakuna mchango, kwa hiyo hakuna unafuu, na unafuu wenyewe katika nchi nyingi umefungwa kwa mshahara wa ajira ya ndani. Mnagombania nani atoze pensheni. Kwetu pensheni yenyewe haipo.

#29 Tumaini_J

ZawadiK, Umoja wa Ulaya ulijaribu kitu cha karibu na hicho. Akiba binafsi ya uzeeni ya Ulaya nzima, unahama nayo, kanuni ya 2019 iliyoanza kutumika Machi 2022. Imepata wateja wachache mno. Moja ya sababu ni kwamba kodi iliachwa kwa kila nchi: bidhaa ni moja, kodi ishirini na saba. Mnaona? Hata pale walipotaka utandawazi uiguse kodi ya akiba, serikali zilikataa. Narudia, kodi hii ni ya nyumbani.

#30 Bwana Mizani

Kukataa huko ndiko kunathibitisha kwamba wanaona hatari, Tumaini. Asiyeona hatari hawekezi nguvu zote kulinda mlango.

#31 MsafiriNyota

Naomba jibu la vitendo kabla uzi haujapotelea kwa majaji. Safari hii nina akiba nchi nyingine, na nitaruhusiwa kuchukua kwa mkupuo. Nitakuwa nimeshahamia nchi ya pili. Kifungu cha 18 alichotaja Dada Wakili kinahusu mkupuo au pensheni ya kila mwezi tu?

#32 Dada Wakili

Usisome kielelezo, soma mkataba wenyewe wa nchi zako mbili. Kielelezo kinasema "pensheni na malipo mengine yanayofanana nayo", na nchi zimekuwa zikibishana kama mkupuo unafanana. Mikataba mingine imeutaja waziwazi. Ule wa Marekani na Uingereza unasema mkupuo unatozwa na nchi ulipoanzishwa mfuko tu, wakati pensheni ya kila mwezi inakwenda kwa nchi unakoishi. Mtu yule yule, mfuko ule ule, ila namna ya kuchukua ndiyo inayoamua nani akutoze.

Na kabla ya kuhama, pata kwa maandishi tarehe ambayo nchi ya kwanza inakuhesabu umeacha kuwa mkaazi wa kikodi. Malipo yakiingia siku moja kabla ya tarehe hiyo, hesabu yote inabadilika.

#33 MsafiriNyota

Asante dada. Mkataba upo, ila haujataja mkupuo popote.

#34 FundiHesabu

Basi piga hesabu kwa njia zote mbili kabla hujaomba malipo, halafu uiulize mamlaka ya nchi unakokwenda, siyo ile unayotoka. Ile unayotoka itakujibu kuhusu kodi yake tu.

#35 Mama Hazina

Na uliza pia mfuko wako uliwekeza wapi. Sehemu ya kodi yako imeshalipwa huko, na hakuna mamlaka itakayoihesabu.